Elizabeth wa Toro: Mwanamke Aliyefungwa Mara Mbili

Mwaka wa 1984 kampuni ya Columbia Pictures ilitoa filamu inayoitwa Sheena, na filamu hiyo ilirekodiwa hapa kwetu Kenya. Ndani yake kuna mganga, mwanamke Mwafrika, ambaye anaona katika maono kwamba mfalme wa nchi yake atauawa. Anafunga safari kwenda kumwonya. Badala ya kusikizwa anakamatwa, anapigwa, anasingiziwa mauaji na kutupwa jela. Ukiitazama leo unaweza kucheka, manake ile filamu ina vituko vingi sana. Lakini ukishajua mwigizaji wa yule mganga ni nani, kicheko kinakwama kooni.

Anaitwa Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro, magharibi mwa Uganda. Miaka kumi kabla ya hiyo filamu alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda. Serikali aliyoitumikia ilimfuta kazi, ikamwaga aibu juu yake mbele ya dunia nzima, halafu ikamfungia nyumbani. Alitoroka, akavuka mpaka, akaingia Kenya. Yaani yule mama unayemwona kwenye seli ya uongo alikuwa ameonja kifungo cha kweli.

Sisi watu wa Busia na Malaba tuna stori za Idi Amin mpaka tunagawa. Kila mzee ana yake. Ila hizo stori karibu zote ni za wanaume: soja, mfanyabiashara, mkimbizi aliyevuka usiku na redio mgongoni. Leo nataka tuongee kuhusu wanawake, na kuhusu aina fulani ya filamu ambayo wengi tumeipitia kwenye vibanda vya video bila kujua ina historia yake. Mtaniambia mkimaliza kama hivyo vitu viwili havihusiani.

Muvi za jela

Kama umekulia mpakani, unajua kibanda cha video. Mabati, benchi za mbao, pazia nyeusi mlangoni, na spika inayosikika mpaka kule matrela yanakopanga foleni. Upande wa Uganda kuna VJ, yule jamaa anayeongea juu ya filamu, anaitafsiri kwa Kiganda na kuongeza chumvi yake. Upande huu tunaye DJ Afro, anayefanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili chake. Kanda na CD zimevuka mpaka huu miaka nenda miaka rudi bila kuulizwa pasipoti.

Katika zile filamu za zamani kuna kundi moja lenye mpangilio uleule. Mwanamke anapelekwa jela, mara nyingi kwa kusingiziwa. Anavuliwa nguo akipokelewa. Kuna mkuu wa jela mbaya, na kuna askari wa kike mbaya kumshinda mkuu. Kuna bafu, kuna kupigana kwenye matope, kuna mateso, na kamera haigeuzi uso hata mara moja. Mwishoni wafungwa wanapata bunduki, wanaichoma jela, wanatokomea msituni. Ukiona moja umeona zote, na bado watu walilipa kuona zote.

Filamu kuhusu wanawake gerezani hazikuanza hivyo. Mwaka wa 1950 Marekani ilitoa Caged, ambapo Eleanor Parker aliigiza msichana anayeingia jela akiwa mwoga na kutoka akiwa mgumu kama jiwe. Hiyo ilikuwa filamu ya kuuliza maswali: jela inamfanya mtu awe nani? Parker aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kufikia 1971 wafanyabiashara walikuwa wamegundua kitu kingine. Stori ni ileile, lakini ukipunguza huruma na kuongeza ngozi, tiketi zinauzwa zaidi.

Aliyeifanya biashara hiyo ishike kasi ni Roger Corman, mtayarishaji maarufu kwa filamu za bei ya chini. Kampuni yake ya New World Pictures ilitoa The Big Doll House mwaka huo wa 1971, mwongozaji akiwa Jack Hill. Ilirekodiwa Ufilipino, kwa sababu kule gharama zilikuwa ndogo na msitu ulikuwa tayari. Humo ndimo dunia ilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza Pam Grier, msichana Mmarekani mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka wa 1949, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipokea simu kwenye ofisi za kampuni ya filamu huko Los Angeles. Aliigiza mfungwa, na wimbo wa mwanzo wa filamu aliuimba mwenyewe. Mwaka uleule akarudi na Women in Cages, sasa akiwa upande wa pili wa mlango: askari jela katili anayeitwa Alabama. Mwaka wa 1972 ikaja The Big Bird Cage. Mwaka wa 1973 ikaja Black Mama White Mama, wanawake wawili, mweusi na mweupe, wanatoroka jela wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja.

Sasa, kuna kitu cha kutazama kwa makini hapa. Septemba 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi Ufilipino. Wapinzani, wanahabari, wanafunzi, wanaume kwa wanawake, walikamatwa na kufungwa kwa maelfu. Kwa hivyo katika nchi ileile, katika miaka ileile, kulikuwa na jela mbili. Moja ilijengwa kwa mbao na rangi ili ionekane ya kutisha, na watu wa Marekani walilipa kuiona. Nyingine ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na kamera.

Mtu ataniuliza, kwani wanaotazama hizi filamu ni watu wabaya? Hapana. Sehemu ya mwisho, pale wanawake wanapochukua bunduki, ndiyo inayofanya kibanda kizima kisimame na kupiga mbinja. Mtu aliyeonewa na chifu asubuhi anaona askari katili akipata haki yake jioni, anaridhika. Hiyo raha ni ya kweli na siidharau. Shida ni bei yake. Ili ufike kwenye yale mapinduzi ya dakika kumi za mwisho, lazima upitishwe kwenye dakika themanini za mwanamke kuvuliwa, na hizo themanini ndizo zilizochorwa kwenye bango la tangazo.

Binti wa Toro

Turudi sasa upande wetu wa dunia. Elizabeth Bagaya alizaliwa mwaka wa 1936. Baba yake alikuwa Omukama Rukidi wa Tatu wa Toro. Alisoma Gayaza, karibu na Kampala, kisha Uingereza, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1965 alikubaliwa kuwa wakili Uingereza, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kufika hapo. Mwaka uohuo baba yake alifariki na kaka yake akarithi kiti, naye Elizabeth akawa Batebe, cheo cha dada mkuu wa mfalme.

Halafu siasa ikaingia. Milton Obote akafuta falme za Uganda mwaka wa 1967. Ufalme ukaisha, cheo kikabaki jina. Mwaka huo Princess Margaret wa Uingereza alimwalika kwenye onyesho la mavazi la Jumuiya ya Madola jijini London, na kutoka hapo wakili akawa mwanamitindo. Picha zake zilitoka kwenye Vogue, na mwaka wa 1969 akawa kwenye jalada la Harper's Bazaar. Katika miaka ambayo majarida hayo yalikuwa hayajazoea kuweka mtu mweusi mbele, binti wa Fort Portal alikuwa pale.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa Bullfrog in the Sun, ya mwaka wa 1971, iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Aliigiza pamoja na Johnny Sekka. Fikiria tofauti. Mwaka uleule ambao Pam Grier alikuwa amefungiwa kwenye seli za mbao huko Ufilipino kwa sababu ndiyo kazi ambayo Hollywood ilimpa msichana mweusi, Elizabeth alikuwa anaigiza mwanamke msomi katika kazi ya mwandishi mkubwa wa Afrika. Wote wawili ni weusi, wote wawili ni warembo wa kugeuza shingo, na kila mmoja alikuwa anatafuta mlango. Mmoja alipewa mlango wa jela.

Lakini mlango wa Elizabeth nao ulikuwa unakuja.

Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Obote. Kwa familia ya kifalme ya Toro, aliyemwondoa Obote alionekana mwokozi, na Elizabeth alirudi nyumbani akakubali kazi ya balozi wa kutembea nchi mbalimbali. Mwanzoni mwa 1974 Amin akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje. Aliyekuwa na kiti hicho kabla yake, Michael Ondoga, alifutwa na muda mfupi baadaye mwili wake ukapatikana kwenye maji ya Nile. Kile kiti kilikuwa bado na joto la marehemu. Elizabeth alikikalia, akaenda New York, akahutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Mwaka wa wanawake wa Amin

Ule mwaka wa 1974 uusome pole pole, hasa kama wewe ni mtu wa Malaba.

Machi, Amin aliwaacha wake zake watatu kwa mkupuo mmoja: Malyamu, Kay na Nora. Aprili, Malyamu akakamatwa Tororo. Tororo si mbali, ukivuka daraja la Malaba ndio mji mkubwa wa kwanza unaokutana nao. Kosa aliloshtakiwa? Kujaribu kuvusha jora la kitambaa kwenda Kenya kwa magendo. Mwanamke aliyekuwa mke wa rais mwezi mmoja kabla, sasa amekamatwa kwa kosa lilelile ambalo mama zetu wanakimbizwa kwalo kila siku ya soko. Agosti, Kay akapatikana amekufa, mwili wake umekatwa vipande.

Hawa ni wanawake wa nchi ambayo tayari ilikuwa imepiga marufuku sketi fupi mwaka wa 1972. Mwili wa mwanamke ulikuwa umeshawekwa chini ya amri ya serikali. Kilichobaki ilikuwa kuchagua zamu ya nani.

Novemba zamu ikawa ya Elizabeth. Amin alimfuta kazi, na sababu aliyoitangazia dunia ni kwamba waziri wake alifanya mapenzi na Mzungu asiyejulikana ndani ya choo cha uwanja wa ndege wa Paris. Hivyo tu. Hakusema ameiba pesa wala ameshindwa na kazi. Zikatolewa na picha za mwanamke uchi, ikadaiwa ndiye yeye. Akawekwa kizuizini nyumbani.

Hapa ndipo ninapotaka mnifuate. Chukua ule mpangilio wa muvi za jela niliouandika hapo juu, uweke kando ya hii stori. Mwanamke anasingiziwa. Anavuliwa nguo, hata kama ni kwa maneno na picha za kubandika. Mkuu wa jela anafurahia. Mlango unafungwa. Watazamaji wanakusanyika. Amin hakuwa na kampuni ya filamu, lakini alikuwa na vyombo vya habari, na alijua kitu ambacho Corman alikijua: ukitaka watu wasiulize kwa nini mwanamke huyu amefungwa, waonyeshe mwili wake. Watabishana kuhusu choo cha Paris, wasahau kuuliza kuhusu Ondoga.

Na watu walibishana kweli. Magazeti ya Ulaya yaliichukua hiyo stori kama wali wa moto. Tusidhani ni Kampala peke yake ilikuwa na watazamaji.

Kuvuka

Februari 1975 Elizabeth alitoroka Uganda, akaingia Kenya, na hatimaye akafika London. Na alipofika akafanya kitu ambacho hakuna mfungwa wa The Big Doll House aliyewahi kuandikiwa kwenye skripti: alienda mahakamani. Alikuwa wakili, kumbuka. Magazeti yaliyochapisha ule uchafu yalishtakiwa kwa kumharibia jina, na alishinda. Baadaye akaandika maisha yake mwenyewe kitabuni, kwa mkono wake.

Mpaka alioukimbilia ndio huu tunaouchukulia kama kiambaza cha jirani. Ni mpaka mchanga. Kabla ya Aprili 1902 huku kwetu kulikuwa ndani ya Uganda. Waingereza walichora upya mstari, Mkoa wa Mashariki ukahamishwa, na Wateso, Wasamia na wengine wakaamka wakiwa na ndugu ng'ambo. Februari 1976, mwaka mmoja tu baada ya Elizabeth kutoroka, Amin aliukumbuka huo mstari wa zamani na kudai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni yake. Ukikaa Busia au Malaba siku hiyo, ulikuwa umewekwa kwenye ramani ya jela bila kusogea hatua moja.

Na miaka hiyo ndiyo baiskeli zilikuwa zinabeba watu kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, abiria nyuma, mzigo mapajani, wakiita "boda, boda". Neno ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima lilizaliwa na watu waliokuwa wanavuka huu mpaka. Kwa hivyo tunaposimulia historia ya kuvuka, tusisimulie kama sisi tulikuwa watazamaji tu. Tulikuwa njia.

Sheena: jela ya pili

Amin alianguka 1979. Elizabeth alirudi nyumbani, lakini Desemba 1980 Obote akarudi madarakani, na binti wa Toro akawa tena mtu wa uhamishoni. Wakati huohuo stori ya Amin yenyewe ilikuwa imegeuzwa muvi: mwaka wa 1981 ilitoka Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, na aliyemwigiza Amin ni Mkenya mwenzetu, Joseph Olita. Wengi wetu sura ya Amin tuliyonayo kichwani ni ya Olita. Ni filamu ya damu na vitisho, na iliuza.

Ndiyo hali ilivyokuwa Columbia ilipokuja Kenya kurekodi Sheena, mwongozaji John Guillermin. Nyota wake ni Tanya Roberts, aliyejulikana kwa Charlie's Angels. Sheena ni mtoto wa Kizungu aliyeachwa yatima msituni, akalelewa na Waafrika, akawa malkia wao, amevaa kipande cha ngozi na kupanda punda milia. Punda milia mwenyewe alikuwa farasi aliyepakwa rangi. Sitanii.

Elizabeth ndiye mganga aliyemlea. Yeye ndiye mwenye elimu yote: anaongea na wanyama, anaujua udongo unaoponya, anaona yajayo. Anamfundisha msichana wa Kizungu kila kitu. Na filamu inamlipa vipi? Inampeleka jela, ili msichana aje na tembo na nyani wake kuvunja ukuta na kumwokoa.

Nimeitazama hiyo sehemu mara nyingi. Mwanamke aliyekuwa waziri, aliyefungwa na dikteta wa kweli, aliyejitoa kwa akili yake na kwa miguu yake, ameketi kwenye seli ya kuigiza akisubiri kuokolewa na mtu aliyepanda farasi wa rangi. Mwaka wa 1975 hakukuwa na tembo. Hakuna aliyekuja kuvunja ukuta. Alitoka mwenyewe.

Ndiyo maana nasema alifungwa mara mbili. Mara ya kwanza na Amin, ambaye alichukua jina lake na kuligeuza stori ya chooni. Mara ya pili na muvi, ambayo ilichukua mateso yanayofanana na yake na kuyafanya ngazi ya mtu mwingine kuwa shujaa. Ya pili haikumwaga damu, na aliichagua mwenyewe, na alilipwa. Siwezi kuzifananisha kwa uzito. Lakini mpangilio ni uleule: mwanamke mweusi yuko ndani, na ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Sheena ilianguka sokoni na ikateuliwa kwenye Razzie, zile tuzo za kudhihaki filamu mbaya. Watu wakamcheka Tanya Roberts. Kuhusu mganga, hakuna aliyesema sana.

Ajabu ni kwamba hawa waigizaji wawili, Pam na Elizabeth, walimaliza safari zao kwa namna inayokaribiana. Pam Grier alitoka kwenye seli za Ufilipino akaingia Coffy mwaka wa 1973 na Foxy Brown mwaka wa 1974. Filamu zilikuwa bado za bei ya chini, bado kulikuwa na kuvuliwa nguo, lakini sasa jina lake ndilo lilikuwa juu ya bango na bunduki ilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo, bila kusubiri dakika za mwisho. Mwaka wa 1997 Quentin Tarantino akamtengenezea Jackie Brown, na ndani yake tunasikia ule wimbo wa jela aliouimba akiwa msichana. Elizabeth naye, serikali ya Museveni ilipoingia mwaka wa 1986, aliteuliwa kuwa balozi wa Uganda Marekani. Wote wawili walifika mahali pa kujieleza wenyewe, na wote wawili waliandika vitabu vya maisha yao. Hapo ndipo ufunguo ulipobadilisha mkono.

Na sisi je?

Kuna watu wataniambia haya ni mambo ya kale, kanda zimeoza, Amin ameshazikwa. Wacha niwaambie kwa nini nimeandika.

Mimi natengeneza video za huku mpakani, mnanijua. Miezi kadhaa iliyopita mtu alinitumia klipu kwa simu. Mama mfanyabiashara, wa umri wa shangazi yangu, yuko ndani ya chumba. Amekamatwa na bidhaa, mafuta ya kupikia nadhani. Kuna sauti ya mwanaume nyuma ya simu inamwambia afungue leso ili ionekane kama amefunga kitu kingine kiunoni. Mama anakataa. Sauti inacheka. Wanacheka wawili. Aliyenitumia akaandika chini: hii ukiiweka utapata watazamaji elfu hamsini kwa siku moja.

Najua angesema kweli kuhusu hesabu. Nilimjibu kwamba siiweki na kwamba naye aifute. Akaniuliza, "Kwani wewe ni mama yake?"

Si mama yangu. Ila nilikuwa nishaiona hiyo muvi. Chumba, kosa dogo, nguo, kicheko, kamera isiyogeuka. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi huhitaji Columbia Pictures wala redio ya taifa. Kila mwenye simu ana kampuni yake ya filamu za jela, na kila mwenye bando ni mtazamaji.

Kwa wale wanaotaka sheria: Kenya tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018. Kifungu cha 37 kinasema anayesambaza picha za faragha za mtu kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini ya mpaka shilingi 200,000, au kifungo cha mpaka miaka miwili, au vyote viwili. Na neno "kusambaza" linakuhusu hata wewe unayefowadi kwenye grupu la chama ukisema "jamani mmeona hii?"

Lakini mimi sitaki tuogope sheria peke yake. Nataka tujiulize swali ambalo watu wa 1974 hawakuuliza kwa haraka ya kusikia udaku. Ukiletewa stori ya mwanamke aliyekamatwa, na stori yenyewe imejaa mwili wake, uliza kwanza: hii stori inanifanya nisione nini? Nyuma ya choo cha Paris kulikuwa na waziri aliyeuawa. Nyuma ya leso ya yule mama kuna nini? Pengine ada isiyo na risiti. Pengine mzigo ambao haukufika stoo ya serikali. Siku hiyo waliocheka walikuwa na sababu ya kutaka tutazame leso.

Simwambii mtu aache muvi za zamani. Zitazame. Mtazame Pam Grier, hakuna aliyeweza kukazia kamera macho kama yeye. Itafute Sheena pia, ucheke farasi, halafu mganga akitokea unyamaze kidogo, umtazame vizuri.

Na kama uko Busia, Malaba, Amagoro, Adungosi, popote kwenye huu mstari, nina ombi. Watu waliovuka miaka ya Amin walilala kwa nyumba za watu. Kuna mama aliyewapikia, aliyewapa leso, aliyesema kwa askari kwamba huyu ni binamu yangu kutoka Amukura. Hao hawajawahi kuigizwa na yeyote. Kama nyanya yako yuko hai, keti naye wikendi hii, umuulize alimficha nani. Akikubali kurekodiwa, rekodi sauti yake. Akikataa, zima simu na umsikilize tu.